KUJIKAZA KATIKA SIKU ZA MASHAKA

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha jubile mtasoma juu ya mapadri na masista waliotutangulia, juu ya ubatizo wa kwanza na ndoa za kwanza, juu ya kwaya na vyama vya kitume. Sisi makatekista tuliombwa kuandika juu ya jambo moja: namna gani kiongozi asimame imara wakati ambapo hakuna mtu anayejua kesho italeta nini. Tungeweza kutafuta mifano katika maisha ya watakatifu, nayo ni mingi na mizuri. Lakini tuliona vema tusiende mbali. Katika mji wetu huu, kando ya barabara ya Lubumbashi ambayo wengi wenu mmeipita mkija huku, yalitokea mambo mwezi wa Septemba 1961 ambayo watu wa nchi nyingine wameyaandikia vitabu na kuyatengenezea filamu, wakati sisi wenyeji tunayanong'ona tu, au tunanyamaza kabisa.

Mbele ya kuingia katika historia, tuseme kidogo juu ya neno lenyewe. Hapa Likasi mtu akifiwa, akikosa mshahara, akilala hospitali, jamaa zake humwambia: «Jikaze!» Ni neno fupi, na kila mtu analielewa. Lakini halimwelezi mtu ajikaze namna gani. Katika Maandiko Farao alikuwa na moyo mgumu, na ugumu ule ulilizamisha jeshi lake baharini. Musa naye alijikaza. Na mikono yake ilipochoka pale juu ya kilima, Aroni na Huri waliishika, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Wote wawili, Farao na Musa, hawakurudi nyuma. Lakini mmoja alikuwa anashikilia kiti chake, mwingine alikuwa anashikilia watu. Msomaji awaweke wawili hawa moyoni mwake akiendelea kusoma.

Wakati ule mji uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mkubwa katika mambo ya Union Minière. Jina la Likasi lilirudishwa kuwa jina la mji mwaka 1966. Union Minière ndiyo iliyokuwa baba na mama wa mji. Kazi ilikuwa yake, nyumba ya mfanyakazi ilikuwa yake, na unga na hospitali na shule ya watoto vilitoka mkononi mwake. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga. Umoja wa Mataifa, ambao wazee wetu waliuita ONU tu, ulituma askari wa nchi nyingi. Kati yao walikuwapo Wairlandi, watu wa nchi ndogo ya Kikatoliki, ambayo jeshi lake halikuwa limezoea kupigana ng'ambo ya bahari. Mwezi wa Novemba 1960, huko Niemba, kaskazini ya Katanga, tisa kati yao waliuawa katika shambulio moja, na nchi yao nzima ikalia.

Mwisho wa Agosti 1961 ONU ilianza kuwakamata na kuwafukuza maofisa wa kigeni waliokuwa wanaongoza majandarma wa Katanga. Serikali ya Ubelgiji ikaogopa juu ya Wazungu waliokaa Jadotville, ikaomba walindwe. Hivyo kompani moja ya Wairlandi, watu 150 na kidogo zaidi, ilifika hapa tarehe 3 Septemba chini ya Komanda Pat Quinlan, mzaliwa wa jimbo la Kerry. Wengi wa askari wake walikuwa vijana, wengine hawajatimiza miaka 20, na hakuna aliyekuwa amekwisha kuiona vita kwa macho yake.

Walikuta jambo la ajabu. Wale ambao walitumwa kuwalinda hawakutaka kulindwa. Katika mji wengi, Wazungu kwa weusi, walikuwa upande wa serikali ya Katanga, na nyuso ziliwageukia askari hawa kwa baridi au kwa hasira. Kiongozi aliyepewa kazi ambayo haina maana tena mbele ya macho ya watu, na wakubwa wake wako kilometa 120 mbali na hapo, afanye nini? Wengi wetu tungeandika barua ya malalamiko na kungoja jibu. Quinlan naye aliarifu wakubwa wake. Lakini katika kungoja hakukaa bure: aliwaamuru watu wake wachimbe mahandaki.

Ninyi mnaolima mnajua namna udongo wetu ulivyo mwezi wa Septemba, miezi mitano bila mvua: jembe linalia kama limepiga chuma. Vijana wale walichimba katika udongo huo, chini ya jua la mwisho wa kiangazi, wakati hakuna mtu aliyekuwa amewapiga risasi hata moja. Tunaweza kuwaza manung'uniko yao. Tena komanda aliamuru maji yatekwe na kuwekwa katika kila chombo kilichopatikana katika nyumba walizokaa, hata mabafu, kwa maana alijua kwamba mwenye kutaka kumtesa adui katika nchi hii wakati huu wa mwaka ataanza kwa kumfungia maji. Sisi tunadhani kwamba sifa kubwa ya Quinlan iko hapa, katika siku hizi kumi ambazo hakuna filamu inayoweza kuzionyesha vizuri, kwa sababu ni siku za jembe na ndoo. Watu husifu ushujaa wa siku ya risasi. Lakini siku ile mtu hula alichoweka akiba.

Tarehe 13 Septemba ilikuwa siku ya Jumatano. Usiku wa kuamkia siku ile ONU ilianzisha huko Élisabethville operesheni iliyoitwa Morthor, ya kukamata mahali pakubwa pa serikali ya Katanga. Habari yake haikumfikia Quinlan kwa wakati. Hapa Jadotville, kama saa moja na dakika arobaini asubuhi, askari wengi Wairlandi walikuwa katika Misa, nje, chini ya mbingu, na hapo ndipo majandarma walipokuja kwa magari. Inasimuliwa kwamba saa ile ilichaguliwa makusudi, kwa kuwa ilijulikana kwamba Wairlandi ni watu wa Misa. Askari mmoja aliyekuwa zamu, Sajenti John Monaghan, aliwaona, akafyatua mitrayezi, na wengine wakapata nafasi ya kukimbilia mahandaki yao.

Jambo hili linatuchoma sisi Wakristu kuliko mengine yote, na katika kitabu cha jubile hatuwezi kulipita kwa kufumba macho. Majandarma wale walikuwa vijana wa Katanga. Mapadri Wabenediktini walikuwa wameanza kuhubiri Injili katika nchi hii tangu mwaka 1910, na kati ya vijana wale walikuwamo wengi waliobatizwa, waliojua maana ya kengele ya Misa. Risasi zilipita kati ya watu waliosali sala moja kwa lugha moja ya Kilatini. Waliowaongoza, mamluki kutoka Ubelgiji, Ufaransa na Rhodesia, wao pia walitoka katika nchi za Kikristu. Vita haikuuliza.

Siku zilizofuata ni nne, nazo zimeandikwa sana, hivi tutazieleza kwa ufupi. Walioshambulia walikuwa wengi kuliko waliozungukwa. Vitabu havipatani juu ya hesabu, vingine husema mamia, vingine maelfu. Walikuwa na mizinga, na ndege moja ya vita, ile Fouga ambayo wazee wengi wa Katanga bado wanakumbuka mlio wake. Wairlandi walikuwa na bunduki, mitrayezi, na mizinga midogo ya milimita 60. Maji na umeme vilikatwa. Kutoka Élisabethville msafara wa magari ulitumwa kuwaokoa, ukafika kwenye daraja la Lufira na kuzuiliwa pale kwa moto mkali. Mara ya pili ulitumwa mwingine, nao ukazuiliwa pale pale. Helikopta moja yenye marubani kutoka Norwe na Uswidi ilithubutu kuvuka na kutua kati ya risasi, ikaleta maji. Walipoyaonja, yalikuwa na ladha ya petroli, kwa sababu bidoni hazikuoshwa. Ndugu wasomaji, fikirini saa ile. Mtu anakufa kiu, msaada unashuka kutoka mbinguni kweli kweli, na hauwezi kunywewa. Tunajua misaada mingine ya namna hiyo ambayo imefika katika nchi yetu, lakini si mahali pake hapa.

Katika siku zile zote Quinlan hakupoteza hata mtu mmoja. Watano walijeruhiwa. Mahandaki yalikuwa yamejibu. Kwa redio aliwaambia wakubwa wake kwamba watashikilia mpaka risasi ya mwisho, na katika ujumbe huo huo aliomba waletewe wiski kidogo, mambo ambayo baba wa familia anaweza kusema mbele ya watoto ili wasiogope. Sisi hatusifu pombe. Tunasifu mtu ambaye sauti yake haikutetemeka wakati vijana wa miaka 17 na 18 walikuwa wanaisikiliza.

Kisha risasi zilikwisha, na maji yalikwisha. Tarehe 16 walipatana kusimamisha moto kwa muda. Tarehe 17, siku ya Bwana, Quinlan alikubali kuweka silaha chini. Hapa watu hugawanyika. Wako wanaosema: mtu aliyeahidi kufika risasi ya mwisho angepaswa kufa pale. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yezu anasimulia juu ya mfalme anayekwenda vitani na watu elfu kumi, na mwenzake anamjia na watu elfu ishirini. Yule mfalme anakaa kwanza, anahesabu. Akiona haitoshi, anatuma wajumbe kuomba amani wakati mwingine yu bado mbali. Bwana wetu hakumwita mwoga. Quinlan alikaa, akahesabu, akaona hana kitu tena cha kuwalinda nacho vijana wale isipokuwa miili yao wenyewe. Alikuwa amekwisha kushikilia mpaka mahali ambapo kushikilia kulikuwa na maana kwa watu wake. Hatua moja mbele ingekuwa kwa ajili ya jina lake tu.

Usiku ule ule wa tarehe 17, Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa anasafiri kwa ndege kwenda Ndola kuongea na Tshombe juu ya kusimamisha vita. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola, naye alikufa. Hivi kifo cha mkubwa huyo kilifunika habari za Jadotville katika magazeti ya dunia. Wafungwa walikaa katika mikono ya Katanga mpaka mwezi wa Oktoba, kisha wakabadilishwa na wengine, na mbele ya Noeli wakarudi kwao.

Na huko kwao ndiko vita ya pili ilipoanza, isiyo na mlio. Jeshi la Irlandi liliona aibu kwamba kompani yake nzima imeweka silaha chini. Quinlan alikuwa ameandika majina ya watu wake wengi, akiomba wapewe nishani za ushujaa, hakuna aliyepewa. Jina la mji wetu, Jadotville, likawa katika kambi zao neno la kudharau. Askari wengine walinyamaza miaka yote, hata mbele ya wake zao na watoto wao. Quinlan alikufa mwaka 1997. Mwaka 2004 serikali yao ilikubali kwamba kompani ile haikufanya kosa; mwaka 2005 waliwekewa jiwe la ukumbusho huko Athlone; mwaka 2016 kompani yote ilipewa sifa ya taifa, na mwaka 2017 kila mmoja, au jamaa ya aliyekufa, akapokea nishani iliyoandikwa jina la Jadotville. Sisi makatekista tunapenda kuwafundisha watoto kwamba subira yavuta heri. Heri ya Quinlan ilikuja akiwa ameshakaa kaburini miaka. Anayetaka kuongoza watu ahesabu na hilo pia.

Lakini ni historia ya nani hii? Kitabu na filamu vimeandikwa kwa macho ya wale waliokuwa ndani ya mahandaki. Sisi ni watoto na wajukuu wa wale waliokuwa nje. Majandarma waliokufa siku zile walihesabiwa kwa makadirio tu, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 300. Ikiwa ni zaidi au ni pungufu, jiwe lao haliko. Vijana wale pia walikuwa na viongozi. Walipelekwa mbele katika uwanja wazi, kuyaelekea mahandaki yaliyochimbwa vizuri, na mchana kutwa wakarudishwa tena na tena mahali palepale. Wengine wao walijikaza sana, kwa kuamini kwamba wanalinda nchi ya baba zao. Ushujaa wao hatuukatai. Tunauliza tu juu ya wale waliowatuma: je, nao walikaa kwanza wakahesabu?

Kujitenga kwa Katanga kulikwisha mwezi wa Januari 1963. Askari wa ONU waliingia Jadotville tarehe 3 ya mwezi ule. Majandarma wengi walivuka kwenda Angola, na miaka ya 1977 na 1978 wao na watoto wao walirudi kwa silaha katika zile vita mbili za Shaba, ambazo Kolwezi ililipa kwa damu nyingi. Kila wakati familia za Likasi zilikuwa na mtu upande huu na mtu upande ule. Katika nchi ya namna hiyo, mchungaji anaongoza nani?

Hapa hatuna budi kumtaja Mhashamu Eugène Kabanga Songasonga, aliyekuwa askofu mkuu wa Lubumbashi tangu 1967 mpaka 1998, miaka 31, Mkongo wa kwanza katika kiti kile baada ya maaskofu Wabenediktini. Mapadri wageni wanajua vizuri namna miaka ile ilivyokuwa kwa Kanisa katika Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yalikatazwa, na Kardinali Malula, aliyesema wazi, ilimbidi akae Roma miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko, na mwisho wa mwaka ule shule zote za misioni zilichukuliwa na serikali. Vyama vya vijana vilivunjwa kuingizwa katika chama kimoja cha taifa. Biashara za wageni zilikuwa zimekwisha kugawanywa tangu 1973, bei ya shaba ikaanguka, na mahali pa kazi watu walijifunza kuiba kwa kuogopa njaa, wakaendelea kuiba hata waliposhiba.

Ndipo mwezi wa Machi 1976 Mhashamu Kabanga aliwaandikia waamini wake barua ya kichungaji yenye jina la Kifaransa «Je suis un homme», maana yake: Mimi ni mtu. Alishutumu tamaa ya pesa iliyogeuza wenye madaraka kuwa wala watu, na kila mtu mdogo aliyejifunza kwao. Tukumbuke kwamba alikuwa akiongea ndani ya nchi ya chama kimoja, katika jimbo ambalo serikali ililiangalia daima kwa jicho la mashaka juu ya mambo ya 1960. Hakutoroka. Hakupanda kwenye siasa kutafuta kiti. Aliandika, akatia sahihi, akabaki katika nyumba yake, akaendelea kutoa kipaimara. Shule zilirudishwa mikononi mwa Kanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Si kwa barua yake tu, hapana, maana shule zilikuwa zimeharibika na serikali haikuweza kuzilisha. Lakini watu walikuwa wameona kwamba askofu wao hajakwenda popote.

Na alikuwa bado askofu mkuu wakati wa mambo ya 1992. Sisi tunaoandika tulikuwa watoto; tunayajua kwa macho ya watoto na kwa vinywa vya wakubwa. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa, ulioongozwa na Mhashamu Monsengwo, ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza, na siku zilizofuata Likasi ikawaka. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi wao walizaliwa hapa hapa. Babu zao waliletwa na Union Minière kuchimba shaba hii. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye gare na katika shule, wiki na miezi, wakingoja treni ambazo hazikutosha. Njaa na surua viliwaua watoto wengi. Kwa upande gani alisimama jirani, mwenye kulima, mwalimu, mkristu wa jumuiya ileile ya kusali? Wako waliochukua mlango na mabati ya jirani. Wako waliopeleka uji usiku, wakirudi kwa njia nyingine ili wasionekane. Majina ya hawa wa pili hatuyaandiki, kwa sababu wao wenyewe hawakutaka yajulikane, na kwa sababu katika mji huu majina bado yana uzito. Lakini tunasema kwamba jumuiya zilizookoka kipindi kile, zikaweza baadaye kukaa tena pamoja kwenye ukumbi mmoja, zilikuwa ni zile ambazo kiongozi wake, mara nyingi mama au katekista asiyejua Kifaransa, alikuwa amekataa mapema, wakati maneno yalikuwa bado maneno, kwamba mtu aitwe kwa kabila lake katika mkutano wa sala. Naye alichimba handaki lake wakati wa kiangazi.

Baada ya hapo ilikuja njaa isiyo na kabila. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba katika mwaka 1986, iliporomoka. Mgodi wa Kamoto uliangukiwa na udongo mwaka 1990, na mwaka 1994 kampuni ilitoa kama tani 30,000 tu. Wafanyakazi walikaa miezi bila mshahara, na tangu 2003 zaidi ya 10,000 walikubali kuondoka kwa malipo yasiyolingana na miaka yao. Katika Likasi kila nyumba ilijua maana yake. Kuongoza kwaya ya watu wenye njaa, kukusanya sadaka katika jumuiya ambayo haina franga, kumwambia kijana ajifunze wakati baba yake mwenye diploma anauza mkaa: hizo ndizo vita ambazo makatekista wetu walipigana, bila ndege na bila nishani.

Sisi tulipita katika seminari ndogo, na kati ya Kilatini kidogo kilichobaki vichwani mwetu liko neno moja la Wabenediktini: stabilitas. Mmonaki wa Mtakatifu Benedikto huahidi mbele ya Mungu kukaa mahali pamoja na ndugu walewale mpaka kufa. Tulipokuwa wadogo tuliona ni nadhiri rahisi kuliko zote, maana kukaa tu kuna ugumu gani? Waliobaki Likasi tangu 1961 mpaka leo wanaweza kutujibu.

Basi tuna ombi moja, na padri paroko ametukubalia tuliandike hapa. Wairlandi wanajua kila jina la watu wao waliokuwa Jadotville. Sisi hatuna orodha ya vijana wa Katanga waliokufa katika siku zile tano, wala ya watoto waliokufa kwenye gare mwaka 1992 na 1993. Wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua. Familia zenye jina la mmoja wao, la upande wowote na la asili yoyote, ziliandike katika karatasi na kulileta kwenye sekretarieti ya parokia mbele ya mwisho wa Oktoba, pamoja na jina la ubatizo kama linajulikana. Majina hayo yatasomwa yote, bila kutaja kabila, katika Misa ya marehemu tarehe 2 Novemba. Asiyejua kuandika aje baada ya Misa ya kwanza siku ya Bwana; mmoja wetu atakuwa amekaa mlangoni na daftari.